Fundi Aliyetema Misumari

Fundi viatu wa karibu na lango la soko alikuwa akishika misumari mdomoni, kumi na miwili kwa mpigo, ulimi ukiisukuma mmoja mmoja kila nyundo ilipoinuka. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Na kwa kuwa mwenye misumari mdomoni haulizwi habari, wateja walimwita Bi Misumari, wakadhani ni mpole.

Alipojifungua, misumari ilimfaa zaidi. Alimnyonyesha binti yake, akamwosha, akambadilisha nepi, bila kuhisi chochote, kama anayemshikia mtoto jirani aliyechelewa kurudi. Alilia akifua. Usingizi ulimkimbia hata mtoto alipolala. Siku alipojikaza akayasema kliniki, muuguzi hakushtuka. Alimwambia huo ni ugonjwa na una tiba, akampangia siku za kuonana na mshauri. Kisha akaongeza kwamba mtoto azungumzishwe, uso kwa uso, maana akili yake inakua kwa maneno kama mwili unavyokua kwa maziwa. Fundi akauliza aseme nini. Chochote, akajibiwa.

Basi akaitema misumari kwenye kifuniko cha kopo, akaanza kumsimulia mtoto kazi. Hii ni soli. Hii imeliwa upande mmoja, mwenyewe hutembea kama kaa. Mwanzoni alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kazi ikazorota, wateja wakanung'unika. Mapenzi hayakuja upesi. Aliendelea kwa ubishi tu.

Nilikuwa kwenye benchi lake, mguu mmoja peku, mama mkwe wake alipoingia na kikapu kitupu. Alikuja kumchukua mjukuu, aliyekuwa sasa na miezi saba, akamlee yeye mpaka mama mtu akae sawa. Alikwishaongea na mwanawe, na huyo, kama wapenda amani wote, alikuwa amewakubalia wote wawili, mama na mke.

"Kuzaa si kazi, mkwe wangu," alisema. "Kazi ni kulea."

"Ndiyo maana unanikuta kazini, mama."

"Unaumwa. Umesema mwenyewe."

"Naumwa na natibiwa. Mgongo wako huu mwaka wa tatu unauma, nani amekuja kukunyang'anya watoto?"

Nikakikazia macho kiatu changu. Mtoto, ndani ya boksi lililotandikwa blanketi, akautazama mdomo wa mama yake. Akangoja. Alipoona hakuna neno akapayuka maneno yake marefu yasiyo na maana, kama mtu aliyekatiwa hadithi.

"Nakuja," fundi akamwambia. "Bado kisigino."

Mtoto akajibu. Fundi akajibu. Wakapokezana hivyo mara tatu, nne, na mama mkwe akakishusha kikapu chini.

"Anakujibu," alisema.

"Kila siku. Mimi ndiye niliyechelewa kuanza."

Fundi akainuka, akakichukua kikapu, akakijaza nepi chafu na shuka la juzi, akampa.

"Mzigo ulionielemea ni huu, mama. Nisaidie huu. Mtoto anabaki."

Mama mkwe aliguna kwamba sabuni kwake imebaki kipande. Alikibeba hata hivyo, na mlangoni akauliza kama kesho kutakuwa na nyingine. Fundi akasema zipo tele.

Kisha akaokota msumari mmoja kifunikoni, kwa vidole, akamgeukia mtoto.

"Haya. Tulifika wapi?"