Meno ya Juu Kwanza

Hapa Bangwe, kando ya ziwa, ukikutana na kijana anayejidai mtaani, jua Bi Asia alishamshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Ndiyo kazi yake. Mwanamke akirudi kutoka kujifungua, anaitwa Bi Asia: anamwogesha mtoto, anamkanda kwa mawese ya uvuguvugu, anamnyoosha viungo, na huku anamgombeza mama mtu kama vile ndiye wa kwanza kuzaa duniani. Mdomo anao. Na mimi Spesiosa, jirani yake ninayekaanga samaki aina ya migebuka pale sokoni Katonga, mdomo ninao pia, ndiyo maana tunapatana.

Mwaka ule ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane. Sawa, haja yake tuliiona, lakini tumbo halifungwi. Haruna, mvuvi wa dagaa wa mtaani kwetu, akabaki kutazama nyavu. Mkewe Saumu alikuwa mjamzito, mimba ikatoka. Na nyumbani kwao kulikuwa na mdomo mwingine wa kulisha: Iradukunda, mtoto wa marehemu dada yake Haruna; baba wa mtoto alirudi Burundi kimya kimya. Iradukunda, yaani Mungu anatupenda. Sisi tulimwita Ira. Ziwa likafunguliwa, dagaa wakaja kiduchu, na wiki hiyohiyo Ira akaota meno. Mawili, ya juu.

"Kigego!" Saumu alipiga kelele mpaka nikasikia kwangu.

Kama hukulelewa na vikongwe, nikwambie: mtoto akitanguliza meno ya juu kabla ya ya chini, wanasema ni mkosi, nyumba aliyomo haisimami. Loo! Njaa, mimba, dagaa, vyote vikabebeshwa yale meno mawili. Kuna watu wanapenda kusema lisemwalo lipo. Lipo wapi? Mtoto hata ugali hawezi kutafuna, atatafunaje ziwa zima? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mganga mmoja akawaambia wampelekee yule mtoto, na wakishamwacha wasimuulizie tena. Sote tulielewa maana yake.

Nikakimbia kwa Bi Asia, mikono yangu inachuruzika mafuta. Alitoka bila viatu. Tulikuta uani kwa Haruna kumejaa wanawake, na Saumu ameshamfunga Ira mgongoni, tayari kwa safari.

"Nipe huyo mtoto," Bi Asia akasema.

"Bi Asia, huyu ni kigego."

"Na mimi je?"

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Mimi niliota ya juu kwanza. Mama yangu akanificha kwa ndugu zake huko Ilagala mpaka kinywa kikajaa meno, ndipo akanirudisha. Haya, tazameni!" Akapanua mdomo. "Nani anajua lipi lilitangulia?"

Ungedhani watacheka. Mama mmoja akavuta kichanga chake kifuani, akarudi nyuma. Palepale nikajua Bi Asia amejimaliza. Siri aliyoitunza maisha yake yote, na riziki yake, ameimwaga uani kwa ajili ya mtoto asiye wake. Nililia kwa hasira, wala sioni aibu kusema. Yeye akamfungua Ira mgongoni mwa Saumu, akaondoka naye.

Hakuitwa tena. Vichanga vya Bangwe vikaogeshwa na watu wasiojua hata kushika shingo. Wasichana aliowakanda yeye mwenyewe walipozaliwa, leo nao wamezaa, wakawa wanampita bila salamu! Mmoja nilimmwagia maji ya kuoshea samaki pale Katonga, na nikimkuta kesho nitarudia.

"Spesiosa, acha ugomvi, utaunguza samaki," Bi Asia alikuwa akiniambia. Akauza mawese kwa chupa, akamlea Ira.

Na kwa Haruna je? Kigego katoka, dagaa hawakuja mbio. Walikuja walipotaka wenyewe. Saumu aliposhika mimba tena alikwenda kliniki mapema, akaambiwa damu yake ni ndogo, akapewa vidonge, akaambiwa ale na apumzike. Akazaa salama, mtoto wa kiume.

"Hata ile mara ya kwanza ilikuwa damu ndogo, Spesiosa," aliniambia. "Tukamsingizia mtoto." Nikageuza samaki wangu kikaangoni. Nilikuwa bado nimenuna.

Asubuhi moja nikamwona anaukata mtaa na kichanga chake, anakwenda mlangoni kwa Bi Asia. Majirani wote wakatoka, kila mmoja akijifanya anafagia. Na mimi nikashika ufagio.

"Shikamoo, Bi Asia."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimeleta mtoto aogeshwe."

Bi Asia akamtazama sana. "Na akitanguliza ya juu?"

Saumu akamsogezea kichanga. "Atakuwa amemfuata mwogeshaji wake."

Bi Asia akacheka mpaka akashika mbavu. Akavuta beseni, akampokea kichanga, akaanza kumgombeza Saumu kwamba kamfunika mtoto mno. Ira, ambaye sasa anatembea, akaja kung'ang'ania kanga ya Bi Asia kwa wivu.

"Saumu, nipakatie mwanangu, mikono yangu ina kazi."

Fagio zikasimama. Saumu akanyoosha mikono, akampakata Ira mbele ya mtaa mzima, akampangusa udenda kwa kidole. Ira akaking'ata. Saumu akakiacha humohumo kinywani, anacheka huku machozi yanamtoka.