Guhila na Ndovu Aliyefundishwa Kupiga Magoti

Shemeji yangu Guhila alikuwa mtunza ndovu wa mfalme hapa Pataliputra, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Tangu dada yangu afariki, moyo wake wote ulihamia kwa Kumuda, ndovu dume wa vita. Watoto hawakujaliwa, kwa hiyo Kumuda ndiye aliyekuwa mtu wake.

Kisha kiti cha enzi kikarithiwa na mfalme mpya, mpenda maua. Vita, alisema, ni mambo ya kizamani. Ngoma kubwa za vita zikageuzwa kuwa za kukaribishia wageni: zikilia, ndovu wapige magoti na kuinua mikonga.

Guhila akaja juu. "Ndovu wa vita apige magoti kama bibi harusi? Sifundishi upuuzi mimi."

"Usipofundisha, shemeji," nikamwambia, "Kumuda anapewa mtunza mwenzako Revata. Chagua basi, ubishi au ndovu."

"Revata? Yule hata mbuzi humpotea."

Akafundisha. Baada ya miaka mitatu hakuna ndovu aliyeinama vizuri kama Kumuda, na mzee, nisimfichie, alianza kuringa. Wakati huo majimbo ya kusini yalishaacha kuleta hata salamu. Mfalme akasema wajumbe wamechelewa njiani tu, nasi tukaitikia ndiyo.

Adui wa magharibi walipofika, tulipangwa uwanjani, ndovu arobaini mbele. Jemadari wetu, mgeni kazini, akaamuru ngoma zipigwe ili kututia moyo. Ndovu wote arobaini wakapiga magoti mbele ya adui, mikonga juu. Adui wakaduwaa, halafu wakacheka mpaka wengine wakakalia ngao zao. Jeshi letu likatimua mbio, na mimi nikiwemo. Nilijitupa kichakani.

Humo nikamwona mkuu wao akimzunguka Kumuda. "Huyu ana mwenyewe?"

Guhila hakuwa amekimbia. Angenyamaza tu, angerudi nyumbani mtu huru.

"Mimi hapa," akasema. "Mguu wa nyuma una kidonda, msimkimbize."

"Basi utakwenda naye. Na kurudi hakuna, mzee."

"Nani kakuuliza habari za kurudi?" Akamgusa Kumuda nyuma ya sikio, ndovu akainuka, wakaenda zao.

Mji ulianguka siku ya pili, na watu waliulilia sana. Mimi nilimlilia shemeji.