Mitungi Tuliyoikuta Imejaa

"Wachina wanafanyia nini ngozi ya punda?"

Aliyeniuliza ni jirani yetu viungani mwa Kitengela, mama wa Kimaasai ambaye mtaa mzima ulimwita yeyo, yaani mama, kama wanawe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi.

"Wewe si ulisomea mambo ya serikali na serikali? Niambie."

Nikamweleza mikataba, masoko, mikopo ya barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo hakuuliza.

Siku hizo punda walichinjwa kwa kibali na ngozi zikasafirishwa China. Serikali zote mbili zilifurahia, nasi huku Kajiado punda wakawa wanapotea usiku. Yeyo alibaki na mmoja. Kwao punda ni mali ya wanawake, na bila punda maji hubebwa na mgongo wa mwanamke mwenyewe.

Alikuwa na mazoea yake. Akishamfunga punda mitungi kisimani, anampiga kofi la matakoni na kumwacha aende nyumbani peke yake. Yeye anabaki kushika foleni. Bintiye anateremsha maji na kumrudisha punda vivyo hivyo. Nilimwambia sasa ni hatari, awe anamsindikiza, hata mchana.

"Na foleni utanishikia wewe, msomi?"

Wanawake wote kisimani walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, binti alingoja na punda hakufika. Tulifuata njia sote watatu. Mitungi ilikuwa kando, imesimamishwa wima, imejaa, vifuniko vimekazwa. Mtu alikuwa amekunja kamba vizuri na kuiweka juu. Punda alikuwa nyuma ya kichaka, bila ngozi. Nilingoja nihisi kitu. Nilichofanya ni kutazama vile vifuniko, nikijiuliza ni mwizi gani anayejali maji yasimwagike.

Yeyo hakulia. Alifungua mtungi mmoja, akanusa.

"Maji ni safi," alisema.

Akapitisha kamba kwenye paji la uso, akainuka na mtungi mgongoni. Hivyo ndivyo anavyobeba hadi leo.

Machinjio yalifungwa baadaye. Mimi nilipata kazi Nairobi, ya kusoma ripoti za biashara, na ni huko, baada ya miaka, nilikosoma kwamba ngozi ya punda huchemshwa hadi iwe gundi, na gundi hiyo ni dawa. Wanaoinywa zaidi ni wanawake, ili kuondoa uchovu.