Jicho la Kulia la Fundi Shanga

Mtaani walimwita Fundi Shanga. Gauni la harusi likipita mikononi mwake, bibi harusi mwenyewe alijiona mgeni kwenye kioo.

Ubaya ulimwanzia jicho la kulia. Vidoa vyeusi vilielea mbele yake kama inzi, naye akawa anavifukuza kwa mkono, wenzake wa karakana wakamcheka, "Fundi, unapigana na nani?" Akacheka nao. Muuza dawa akampa matone, yakaisha, akampa mengine. Tundu la sindano lilipompotea kabisa, ndipo alipokwenda kwa daktari wa macho.

Daktari alimmulika mpaka machozi yakamtoka.

"Ni kimelea, kinaitwa toksoplazma. Hukaa kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Lakini hapa kuna kovu la zamani, na kidonda kipya kimechipuka pembeni yake. Inaelekea ulizaliwa na kimelea hiki. Mama yako alikipata akiwa na mimba yako, pengine hata homa hakuisikia. Hana kosa."

Nyumbani aliwasimulia, kuanzia paka hadi mimba. Wifi yake alisikia neno paka tu. Chai haijapoa, paka wao alishatiwa gunia akatupwe sokoni.

"Si huyu, wifi."

"Paka ni paka!"

Mama yake, aliyekuja kumjulia hali, alikuwa kaketi pembeni. "Kwa hiyo ni mimi niliyekutoa jicho?"

Fundi Shanga alikuwa na jibu mdomoni. Lakini asubuhi ile mteja alikuwa amemrudishia gauni, shanga zimekwenda upande, akamwambia mbele za watu, "Kama umechoka, si useme?" Roho bado ilikuwa inamchoma. Akainamia kikombe, akakoroga chai.

Mama alijitanda mtandio. "Haya mwanangu, ugua pole."

Vidonge vilikausha kidonda, ila katikati ya jicho pakabaki giza. Akimtazama mtu kwa jicho hilo huona masikio na mabega, uso haupo. Shanga zikaenda kwa fundi mwingine. Yeye siku hizi anapinda mashuka ya hoteli.

Mama huja, lakini ndani haingii. Husimama mlangoni, huuliza hali, huyoo. Siku moja Fundi Shanga alimkimbilia hadi njiani.

"Mama, daktari alisema huna kosa."

"Alisema lini?"

"Siku ile ile."

"Na wewe ukakaa nalo tu, mwanangu."

Akageuka, akashika njia yake.