Mkono Uliopangusa Tangi

Mjini Jinja, miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu aliyetaka kununua pikipiki iliyotumika hakuhangaika na maneno ya fundi Nicanor. Alitazama mkono wake. Nicanor alikuwa na gereji ya mabati kule Nalufenya. Alivuka mpaka kutoka Kenya angali kijana, na kazi alikuwa amefundishwa Kisumu na Kalasinga mmoja mzee ambaye hakujua kusifu mtu, alijua kusifu chuma tu. Kutoka kwa mzee huyo alirithi mambo mawili. La kwanza ni kusikiliza injini kwa bisibisi: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaubana sikioni, halafu unanyamaza. La pili ni kitambaa. Injini ikiwa nzima, Kalasinga alitoa kitambaa cheupe mfukoni akapangusa tangi mara moja, toka mbele kwenda nyuma, namna ya kusema asante. Ikiwa mbovu, aliondoka bila kuigusa.

Nicanor naye akawa hivyo hivyo, na baada ya miaka kumi hakujua tena kama anafanya. Mdomoni alikuwa mtu wa adabu. Muuzaji akiwa amesimama pale na matumaini yake yote, Nicanor hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba analeta takataka. Mkono ulikuwa hauna adabu hiyo. Ndiyo maana sokoni watu waliulizana swali moja tu, Nicanor amepangusa? Kama amepangusa, toa pesa. Kama hajapangusa, shika njia yako.

Sasa, mwaka 1976, asubuhi moja ya Jumamosi, alifika kwenye gereji mtu mwembamba wa Mbale aliyeitwa Matia, karani wa ghala la kahawa, amepanda pikipiki nyekundu ambayo Nicanor alikuwa ameiona kwenye picha tu. Ilikuwa ya Kiitaliano, ya mashindano, na karibu na usukani ilikuwa na kibati cha shaba kilichochongwa namba 143/200. Maana yake ni kwamba kiwandani zilitengenezwa mia mbili tu, kisha wakavunja mitambo yake. Mhindi mmoja wa Mbale aliiagiza kwa meli, na Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 akamuuzia Matia kwa shilingi elfu tisa. Alikataa kupunguza hata senti, ingawa pesa zenyewe hangeruhusiwa kuondoka nazo. Kwa elfu tisa ungepata gari, na si gari bovu. Matia aliuza ng'ombe wawili na nusu ya shamba la kahawa la baba yake, na tangu siku hiyo mke wake, Eseza, alikuwa akimuuliza kila chakula kilipopungua kama wataila hiyo namba.

Matia alitangulia kufika makusudi. Saa nne angekuja Afande Yekosofati, afisa wa kambi ya Jinja, aliyeiona pikipiki mbele ya posta ya Mbale akaitamani. Yekosofati alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzuri kwenye kwaya, na alijivunia kwamba hajawahi kunyang'anya kitu cha mtu. Yeye hununua. Bei tu ndiyo aliyoipanga mwenyewe, na muuzaji mwenye akili alishukuru akaenda zake. Alikuwa amemwagiza Matia ailete Nalufenya, fundi Nicanor aseme kama hiyo elfu tisa inayotajwa ina maana.

"Fundi, mwambie imekufa," Matia alisema. "Akisikia imekufa, ataniacha."

Nicanor akakubali. Angesema beringi ya chini imekwisha, ugonjwa ambao askari hawezi kuuona kwa macho. Alikuwa amewadanganya wengi kwa heshima, hakuona ugumu wa kumdanganya mmoja kwa kumwokoa mtu. Matia akashusha pumzi. Kisha, akikikuna kile kibati kwa ukucha, aliuliza jambo lingine polepole, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Na wewe mwenyewe, fundi, unaonaje? Nilikuwa mjinga?"

Nicanor hakuwahi kujibu, kwa sababu gari la afande liliingia wakati huohuo.

Yekosofati alisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, akasimama kando mikono nyuma. Matia akaipiga pikipiki teke moja ikawaka. Nicanor akainama, akaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Kilichomwingia hakukitegemea. Hakuna kilichogonga wala kilichosugua. Kila kipande kilikuwa kinajua mahali pake na zamu yake, na chuma chote kilikuwa kinakwenda kwa raha. Alifumba macho. Alimkumbuka Kalasinga, akatamani angekuwa hai aisikie. Kwa muda huo, ambao haukufika dakika, Nicanor alikuwa na furaha kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na jambo hilo hakuweza kujisamehe.

Alipofumbua macho alisema kama walivyokubaliana. Afande, hii imekwisha. Beringi ya chini inalia. Ukiikimbiza itakuangusha njiani. Aliyasema vizuri kabisa, kwa sikitiko. Lakini afande hakuwa anamtazama mdomo. Nicanor akafuata macho yake, na hapo ndipo alipouona mkono wake wenyewe. Ulikuwa na kitambaa cheupe, nao ulikuwa umeshapita tangi lote ukafika kwenye kiti.

"Asante, fundi," alisema Yekosofati. "Mimi nimeona."

Nicanor aligeuka kumtazama Matia. Matia naye alikuwa ameuona mkono. Na jambo ambalo Nicanor alilibeba miaka mitatu bila kulielewa ni kwamba yule mtu, badala ya kuogopa, alikuwa anatabasamu.

Siku mbili baadaye afande alipeleka neno Mbale kwamba atatoa elfu mbili. Matia akajibu elfu tisa, kama alivyonunua. Alhamisi asubuhi watu watatu wenye miwani nyeusi walifika kwenye ghala la kahawa na gari lisilo na namba, wakasema karani anapitisha kahawa ya magendo mlimani kwenda Kenya. Matia aliingia garini mwenyewe, kalamu ikiwa bado kwenye mfuko wa shati. Hakuonekana tena. Wiki iliyofuata Yekosofati alifika Nalufenya amepanda pikipiki nyekundu, na karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi. Alitaka kumwonyesha Nicanor, maana hakupenda kufikiriwa vibaya. Nicanor alisema mikono yake ina grisi, ataichafua.

Tangu hapo ikawa kila mwezi pikipiki inaletwa kwake. Hapakuwa na fundi mwingine aliyeiweza, na afande hakuuliza kama anapenda. Vipuri vilikuwa vimeadimika nchi nzima, hata sabuni ya kunawia grisi ilikuwa ya kutafutwa, lakini kwa ile namba 143 kila kitu kilipatikana. Nicanor aliifungua, akaisafisha, akaifunga. Na kila alipoweka bisibisi sikioni, mlemle chini ya mlio mzuri wa injini, alisikia mtu anauliza kwa sauti ndogo: nilikuwa mjinga, fundi?

Alidhani ni uchovu. Akabadilisha bisibisi, akanunua yenye mpini wa mbao. Swali likabaki lilelile. Likaanza kumfuata kwenye pikipiki nyingine, hata zile bovu, kisha likamfuata bila pikipiki: akifungua bomba la maji, au mkewe Wilkista akisaga mahindi uani, alisimama kichwa amekiinamisha upande mmoja. Wilkista alimuuliza anasikiliza nini. Alisema hakuna kitu. Aliogopa kwamba akisema kwa sauti, atapewa jibu.

Kitambaa alikichoma moto. Wateja walipolalamika kwamba siku hizi hapangusi, hawajui wanunue au waache, alisema bega linamuuma. Wengine wakahamia kwa mafundi wa mjini. Hakuwalaumu. Alikuwa amejifunza kuutia mkono wa kulia mfukoni kila ulipomaliza kazi, usije ukapangusa, na watu wakaona fundi ameanza kuzeeka vibaya.

Ikaja Aprili ya 1979. Mizinga ilisikika kutoka upande wa Kampala, na askari wakaanza kuondoka Jinja na magodoro juu ya malori. Pikipiki nyekundu ilikuwa gerejini tangu Jumatatu kwa matengenezo. Yekosofati alikuja kuichukua kwa miguu, bila kofia, anahema. Alitaka kupitia Mbale aende kwao kaskazini, na kwa pikipiki ile hakuna gari ambalo lingemkamata. Nicanor alikuwa ameiunganisha yote jana yake, nzima. Ilikuwa nyuma ya pazia la gunia, imeegemea ukuta.

"Bado, afande," alisema. "Kabureta imevunjika ndani. Haiwezi kuwaka."

Yekosofati hakuangalia uso. Aliangalia chini, akiutafuta mkono. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya mifuko ya ovaroli, na Nicanor alikuwa ameikunja humo ngumi mpaka kucha zinamchoma. Walisimama hivyo. Barabarani lori lilipiga honi, mtu akaliita jina la afande, naye akageuka akakimbia. Nicanor alibaki amesimama mpaka lori lilipopotea, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Aliipeleka mwenyewe Mbale mwezi uliofuata, barabara zilipotulia. Iganga, Tororo, kila kizuizi vijana wa jeshi la Tanzania waliizunguka, wakagusa kibati, wakauliza inauzwaje. Alijibu si yake. Pale Namakwekwe, mtaa wa Mbale, alionyeshwa chumba cha kupanga ambamo Eseza aliishi na watoto watatu. Alimkuta barazani anakata mche wa sabuni vipande vidogo vya kuuza. Eseza aliitambua pikipiki kabla haijazimwa. Hakuinuka. Aliendelea kukata mpaka akamaliza mche, kisha akasema mulembe, salamu ya kwao, akamwonyesha kigoda.

Nicanor alisimulia yote. Habari za bisibisi, za uongo waliokubaliana, za kitambaa. Alisema ni mkono wake uliompeleka Matia kwenye lile gari, na kwamba amekuja kumrudishia mali yake, halafu yeye amfanye atakalo. Alikuwa analia, mtu mzima, na majirani wanatazama. Eseza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua," alisema. "Matia mwenyewe alinieleza siku ile ile. Alirudi hapa anacheka, akaniambia, Eseza, fundi amepangusa tangi, mimi sikuwa mjinga. Nikamwambia, wewe Matia, kama wewe uliona, afande hakuona? Akasema, niache nifurahi leo."

Alikusanya vumbi la sabuni kwa kiganja ili lisipotee.

"Miaka minne nilikuwa namtukana kwa hiyo pikipiki. Wewe ndiye ulimpa hiyo siku moja. Halafu ukamchukua."



Watu walikuwa wameshajaa barazani. Mmoja wao alikuwa Mutwalibu, mfanyabiashara wa mbao, mwenye mkoba wa ngozi ambao hakuna aliyemuuliza umejazwa wapi. Alitaka kujua kama inauzwa. Eseza akataja bei, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waligeuka kumtazama upya. Mutwalibu akacheka. Kwa pesa hizo, alisema, yeye atanunua gari na dereva, kwa nini atoe kwa kitu cha magurudumu mawili? Halafu akamwona Nicanor, akacheka tena, safari hii kwa heshima. Hata Mbale walikuwa wamesikia.

"Si huyu ndiye yule wa Jinja? Basi apime. Akipangusa, nalipa."

Nicanor alitikisa kichwa. Alisema aliacha, kitambaa hana, bega linamuuma. Eseza aliinuka, akaja akasimama karibu naye sana, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, kwa sauti ya chini ambayo Mutwalibu hakuisikia.

"Mkono yako ilitoa Matia kwangu, ssebo. Leo isomeshe watoto yake." Akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, akampa. "Pangusa."

Nicanor aliiwasha pikipiki. Akatoa bisibisi yenye mpini wa mbao, akainama, akaiweka sikioni. Injini ilikuwa inakwenda kwa raha ileile, kama vile hakuna mtu aliyekufa. Alingoja. Chini kabisa, mahali pale pale, sauti ndogo ikamuuliza swali lake.

"Hapana," alisema Nicanor kwa sauti. "Hukuwa mjinga."

Watu walidhani anaongea na chuma, kama mafundi wanavyofanya. Akanyoosha mkono. Kitambaa kilikwenda polepole, toka mbele, kikapita juu ya tangi lote hadi kwenye kiti. Nyuma yake alisikia Mutwalibu akifungua mkoba.

Baadaye, pikipiki ilipokwisha kuondoka na watu kutawanyika, alimwomba Eseza kile kitambaa akakifue, kwa maana kilikuwa kimeshika vumbi jekundu la njia nzima. Eseza alikataa. Alikikung'uta mara moja, akajifunga nacho kichwani kikiwa vilevile kichafu, akarudi kwenye sabuni yake. Nicanor akatembea hadi barabara kuu kutafuta gari la Jinja, mkono wa kulia ameutia mfukoni.