Orodha Mama Haiguswi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nikadhani nimekosea mlango, nimeingia msikitini. Kumbe ni chumba cha kompyuta cha mradi mmoja wa chanjo pale Kilifi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na mashine, tuliambiwa, haitaki vumbi. Basi viatu vikarundikana barazani, na watu wakaingia na nyayo zilizotoka kukanyaga vumbi lile lile. Nikauliza, "Jamani, kwani vumbi hukaa kwenye viatu peke yake?" Nyinyi vijana mnaoandika programu mkiwa mmejilaza kitandani, mnisamehe nikianza na viatu, lakini kazi ilianza hivyo, na upuuzi wa namna hiyo sikuukosa mpaka nilipostaafu.

Niliajiriwa kama taipisti. Kuandika programu nilifundishwa na mkuu wangu wa kwanza, tukimwita Bi Mkufunzi, mama wa Kiamu mwenye sauti ya chini na macho makali. Kazi yetu ilikuwa kutunza orodha ya watoto wa kuchanjwa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi hupotea. Orodha yetu haikuwa ya majina yaliyopangwa moja kando ya jingine kama nguo kambani. Ilikuwa orodha ndani ya orodha. Nje kuna mudzi, ndivyo Wagiriama wanavyoliita boma zima la mzee mmoja. Ndani ya mudzi mna nyumba, kila mke na yake. Ndani ya nyumba mna watoto. Ukimtaka mtoto, sharti upite milango yote hiyo.

Kuichuja orodha ya namna hiyo, yaani kuwapata wale tu unaowahitaji, kuna adabu yake. Unafungua orodha mpya, tupu. Unaingia kila mudzi, kila nyumba, unamuuliza kila mtoto: umechanjwa? Ambaye bado, unamnakili kwenye orodha mpya pamoja na nyumba yake na mudzi wake, ili nesi ajue pa kumkuta. Aliyechanjwa unampita tu. Ile orodha ya kwanza, orodha mama, inabaki ilivyo. "Rukia mwanangu," Bi Mkufunzi alikuwa akinambia, "orodha mama haiguswi. Isome, nakili utakacho, kisha uiwate kama ulivyoikuta. Mgeni hakaribishwi nyumbani akaondoka na mlango."

Kisha nikahamishiwa Malindi, na huko ndiko nilikokutana na Mkuu wa Takwimu. Mtu wa bara, msomi, nadhifu, hana ubaya na mtu. Ila disketi! Disketi ndizo zile sahani nyembamba za plastiki tulizohifadhia kazi zetu, na za kwetu zililetwa kutoka Mombasa baada ya kuombwa mpaka ulimi ukauke. Mkuu akaona kutunza orodha mbili, mama na iliyochujwa, ni israfu. Akaandika programu yake mwenyewe: inasoma orodha mama, na kila asiyehitajika inamfuta papo hapo.

Pangekuwa na nafuu kama ingefuta mtoto mmoja mmoja. Wapi! Programu yake iliishia mlangoni. Ilitazama alama ya kuchanjwa iliyowekwa kwenye jina la mzee, basi. Ikiikuta, mudzi mzima unakwenda na maji. Na alama yenyewe ilipatikanaje? Nesi akifika kwenye mudzi, adabu ni kumwamkia mzee kwanza, na mzee ndiye huwasemea watu wake. "Wangu wote tayari," atasema, kwa kuwa ni aibu mzee kukiri hajui lililomo kwake. Nesi naye atamkosoaje mbele ya wake zake? Anaweka alama, anakwenda zake.

"Mkuu," nikamwambia, "tuulize watoto, tusimuulize mzee. Na tusifute. Tukikosea tutarudi wapi?"

"Wewe Rukia, hiyo maneno yako ni mingi. Kuchuja ni kutoa takataka. Ukichuja chai, si majani unatupa?"

"Majani ya chai hayapati shurua, Mkuu."

Alicheka, kisha akabonyeza. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaitazama taa ya mashine ikimetameta, na ilipozimika midzi ilikuwa imekwenda. Nilitoka nje kuvaa viatu vyangu nikisonya, na sikujali nani anisikia.

Haukupita muda, shurua ikaingia vijiji vya nyuma ya Gongoni. Dawa ya chanjo ilikaa kwenye kasha la barafu, na ikikosa baridi haikawii kuharibika, kwa hiyo Mkuu aliamuru itolewe kwa jina. Jina lako halimo kwenye karatasi ya printa, huchanjwi. Asubuhi moja Nesi Kadzo, aliyehudumia upande ule, akaja ofisini anahema. Nyuma yake mwanamke, mtoto mgongoni, wengine wameng'ang'ania leso yake. Ndiye Dama, mke mdogo wa Mzee Karisa.

"Bi Rukia, hawa nimewakosa kwenye karatasi," Nesi akasema. "Siku tuliyokwenda, Dama alikuwa matangani kwao pamoja na wanawe. Mzee akasema wote tayari."

Mkuu akatafuta. Mudzi wa Mzee Karisa haukuwako, sembuse nyumba ya mke mdogo.

"Kompyuta haina hawa watoto," akasema.

"Haina vipi?" Dama akamuuliza. "Nami huyu nimembeba, mgongo waniuma. Hebu mguse, baba. Mguse uone kama hayuko."

Mkuu akainamisha macho, lakini amri yake hakuibadilisha. "Mwenye mudzi akuje mwenyewe aandikishe upya."

"Mzee miguu haimchukui," Nesi akajibu. "Shurua iko kwa jirani yao, Mkuu. Tuingoje miguu?"

Mimi nikakaa kwenye mashine bila kuomba ruhusa. Programu haikukubali nyumba isiyo na mudzi, wala mudzi usio na mwenyewe. Pale penye jina la mzee nikaandika Dama, kisha watoto wake chini yake.

"Mwanamke hana mudzi," Mkuu akasema. "Utaharibu orodha yangu."

"Orodha gani, Mkuu? Hii uliyoifuta?"

Printa ikaanza kupiga kelele, watoto wakaicheka. Nesi Kadzo akawachanja pale pale barazani, katikati ya viatu vyetu.

Dama akashukuru, akaenda zake. Mimi sikutulia. Huyu alikuja mwenyewe. Je, wale wengine waliofutwa na hawajui kama wamefutwa, nani atawaita? Niwatafute wapi, na orodha mama imeliwa, disketi ile ile imeandikwa juu yake? Nikamwambia Mkuu hivyo hivyo, kwa sauti. Hakunifokea. Akavua tai, akalibeba kasha la barafu mwenyewe, akafuatana na Nesi Kadzo kupita mudzi kwa mudzi, safari hii wakiingia kila nyumba na kumuuliza kila mama. Hilo nampa haki yake.

Waliporudi, Nesi alinitajia majina nami nikaandika. Akafika kwenye mudzi mmoja wa wale waliofutwa. Walikuta matanga. Mtoto wa kike, Sidi, alikuwa amezikwa kabla hawajafika. Nikaandika mudzi, nikaandika nyumba ya mama yake, nikaandika Sidi.

"Huyo ni wa nini tena?" Mkuu akauliza taratibu. "Amekufa."

"Alikuwemo, Mkuu. Tulikuwa naye humu."

"Andika basi," akasema, akatoka nje peku kwenye jua. Tangu siku hiyo programu yake hakuitumia tena, na disketi za ziada akawa anaziomba yeye.

Nikakaa Malindi mpaka nikastaafu. Mashine zikabadilika, disketi zikapotea, orodha ile nikaihamisha kila mara na vyote vilivyomo. Siku hizi nafasi ya kuhifadhi iko tele, na bado nawaona vijana wakifuta ndani ya orodha mama, eti ndiyo njia ya mkato. Ukiwaambia, wanakuona bibi mwenye kelele. Haya, kelele ninazo!

Siku ya kukabidhi ofisi, binti aliyenirithi alikuwa akipitia orodha, akasita.

"Shikamoo tena Bi Rukia, nisaidie hapa. Huyu Sidi kila ripoti tunamruka. Si tumfute tu?"

Damu ikanipanda kichwani, kisha nikakumbuka kuwa hajui.

"Marahaba. Mchuje, mwanangu," nikamwambia. "Mchuje kila siku ukitaka. Kumfuta, usimfute."