Mluzi wa Upande wa Bilonda

Tata Ntambwe wa Dilala, ambaye nyumbani walimwita Tata Mechack, aliendesha malori ya mgodi mpaka pensheni ikamkuta, na masikio yake yakabaki kule kule kwenye kelele. Alinunua kigari cha okazioni, kilichokwisha kutumiwa na wengine, ili ampeleke mkewe, Mama Bilonda, kwao Mutshatsha. Hawakufika. Taa ya njano iliwaka, moshi mweusi ukafuata, mafuta yakawa hayakai. Mafundi walisema ni sonde, kile kijiti cha chuma kinachoonja moshi na kuiambia injini itie mafuta kiasi gani. Wakaweka mpya. Taa ikazimika, ikawaka tena. Wakaweka nyingine.

Bilonda, kwenye kiti cha kando, alisema:

—Tata Mechack, huku kwangu kitu kinapiga mluzi. Asubuhi tu, injini ikiwa baridi bado.

—We unasikiaka mpaka sufuria ya jirani! Ntambwe akacheka. Tutaenda taa ikizimika.

Bilonda akafa.

Sasa kilio kilitaka kuisha, na kwa desturi nguo za marehemu lazima zifike kwa ndugu zake mkononi mwa mume mwenyewe. Gari nalo lilikuwa linazimika hata kwenye kilima cha soko. Akalisukumisha mpaka kwa fundi Tshimanga.

—Tata, mi sitaweka sonde ingine, fundi akasema. Ilale hapa. Kesho tutaiwasha ikiwa baridi.

Asubuhi Tshimanga akaliwasha, akaziba kidogo mkia wa bomba la moshi kwa kitambaa, akapaka sabuni pale bomba linapoungana na injini. Upande wa abiria povu likavimba.

—Angalia, Tata. Bomba ina ufa. Hewa inaingia, sonde inaonja ile hewa, inazania mafuta ni kidogo, injini inaongeza. Sonde haina kosa. Unasikia vile inapiga mluzi?

Ntambwe akainama. Hakusikia kitu.

—Hakuna mutu alikuambiaka?

—Alikuwako.

Tshimanga akafungua bomba, akachomelea ufa, akasafisha plagi zilizojaa masizi. Jua halijafika katikati, taa ilikuwa imezimika.

Kwenye njia ya Mutshatsha gari lilipanda kila kilima bila kukohoa. Ntambwe hakufurahi. Kila kilima kilichopandika aliona kingepandika zamani, na mwenye kiti cha kando angekuwa anaimba.

Mianda, dada ya Bilonda, alimpokea mlangoni.

—Shemeji, kila tukimuita alijibu: motokari ya Tata Mechack iko mugonjwa. Sie tulizani anatukataa. Mama yetu alikufa na ile kasirani.

Ntambwe alishika valizi ya nguo kwa mikono miwili. Alitaka kusema ufa wenyewe ulikuwa mdogo kama ukucha, akaona haya.

—Hakuwakataa, Mama. Ilikuwa motokari kweli. Na mimi.

Mianda akamtazama sana. Halafu akapokea valizi.

—Ingia, unawe mikono, tukule.